Sakafu Iliyosikia Mvua

Nimestaafu kabla ya wakati. Wenzangu wa umri huu bado wanahangaikia vyeo, mimi tayari nimeuweka mwiko wangu wa fundi juu ya kabati, na watoto wa jirani wananiita mstaafu kwa utani kwa sababu hata mvi sina. Iliyostaafu ni mikono. Ilianza kuwasha, ikapasuka katikati ya vidole, na daktari akanieleza kwamba ngozi yangu imeikataa saruji na haitabadili mawazo. Nikamuuliza kwa nini saruji na si sabuni, kwa nini mimi na si Fundi Danstani aliyeishika maisha yake yote bila glavu. Akasema, "Dada, wewe unauliza sana." Nikamwambia hilo naambiwa tangu darasa la kwanza.

Basi ninyi mnaoanza kazi ya kuweka marumaru, mnaonipigia simu kutaka kujua ni grauti gani, ule ujazo wa katikati ya marumaru, haipasuki, mimi sina grauti hiyo. Nina habari za sakafu moja ya mbao huko Newala, na ukungu wake, na ninavyoikumbuka ni kama kitu nilichokiota mchana nikiwa nimepiga magoti.

Kwenye ufundi niliingilia mlango wa nyuma. Nilikuwa na shahada ya jiografia na muda mwingi. Nyumbani kwetu Masasi, Fundi Danstani alikuwa akitengeneza bafu la mjomba, nami nikasimama mlangoni nikimuuliza hiki na kile mpaka akanipa ndoo. "Ukiwa na kitu mkononi labda utapumzika kuuliza," alisema. Hakufanikiwa. Haikuchukua muda akaanza kuniita Kwanini, na mpaka leo mafundi wengi wa Masasi hawalijui jina langu la ubatizo.

Danstani hakufungua mfuko wa vifaa kabla ya kuvua viatu. Aliitembea sakafu pole pole amefumba macho, halafu akapiga magoti na kugonga marumaru moja moja kwa mpini wa bisibisi. Iliyoshika vizuri hutoa sauti fupi na nzito, kama mlango uliofungwa. Iliyolegea inaitika. Chini yake kuna uwazi, na uwazi hupenda kuzungumza.

"Kwa nini usiangalie tu?" nilimuuliza siku za mwanzo. "Ufa si unaonekana?"

"Macho yanaona grauti. Grauti iko juu. Mimi nina shida na aliyeko chini."

Sikumwamini, na nawaambia kweli, nilirudi peke yangu nikagonga bafu zima la mjomba, nikaweka alama ya chaki kwa masikio, kisha nikang'oa. Zilizoitika zilitoka kwa mkono mtupu. Zilizonyamaza zilinivunjia tindo. Tangu siku hiyo nagonga vitu. Nagonga kuta za ofisi za watu, nagonga meza za mikutano. Mchumba wangu alidhani nina wasiwasi.

Mtakutana na watu wanaotibu ufa kwa kuupaka. Pale Masasi nilishaitwa kwenye bafu linalonukia mdomo uliotoka kupigwa mswaki, kumbe baba mwenye nyumba alikuwa akiziba mistari kwa dawa ya meno, na alijivunia weupe wake. Mwingine anakoroga grauti nyepesi kama uji wa mgonjwa na kuimwagia juu ya ile ya zamani. Hiyo ni poda usoni, siku ya jasho inatoka. Kama ni lazima ujaze upya, kwaruza ile ya zamani mpaka kina, fagia vumbi, lowesha kidogo, kisha shindilia mpya kwa mshazari, isipate pa kukimbilia. Lakini kwanza jiulize imepasuka kwa nini. Danstani alinifundisha kugonga. Kujiuliza nilikuja nako.

Nyumba ya Mama Edina iko Newala, karibu na pale uwanda unapokatika na kuteremka bondeni. Ukitoka Kitangari asubuhi hewa inaanza kupoa, koti unalovaa kwa aibu Masasi linakuwa la maana, na ukifika kwake huoni bonde wala nini, ni ukungu mweupe umejaa mpaka dirishani kama maziwa. Nyumba ina ghorofa moja. Marehemu baba yake, seremala aliyejifunza kazi misheni, aliijenga kwa mawe chini, na juu akalaza boriti za mvule na sakafu ya mbao za mninga. Bafu liko huko juu.

Mara ya kwanza tulimkuta mlangoni amejifunga kitenge kifuani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwembamba, sauti ya kuita majina ya mahudhurio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi, na huyu mzee."

"Aa. Yaani mzee atafanya kazi, wewe utaongea?"

Danstani akalazimika kushika fremu ya mlango kwa kicheko. "Mama, umemjuaje huyu? Ndiyo kwanza mnaonana!"

Marumaru za bafuni zilikuwa zawadi ya Edina, binti yake wa pekee anayefanya kazi Dodoma. Mama yake aliwahi kuteleza juu ya mbao zilizolowa, na binti akaleta fundi kutoka mjini aweke marumaru za kukwaruza kidogo, nyeupe, nzuri. Sasa zilikuwa zimelegea katikati ya chumba, grauti imepasuka mistari mirefu, na ncha moja iliyoinuka ilikuwa imemchana mama kidole cha mguu.

Kwenye kona lilisimama pipa la chuma, refu kunifika kidevuni, likiwa tupu. Juu yake, kupitia tundu la ukutani, uliingia mfereji wa bati kutoka kwenye paa. Chini yake ulitoka mpira unaopenya sakafu na kushuka hadi jikoni. Sikulitilia maanani. Uwandani kila nyumba ina chombo cha kukinga mvua. Nilichowaza ni maji ya kuoga, kwamba yanapenya kwenye ufa na kulainisha mbao.

"Unaogea wapi, mama?" nilimuuliza.

"Ndani ya beseni. Na maji ya beseni nadekia, halafu namwagia maua. Wewe umetoka wapi usiyejua maji?"

"Masasi."

"Ndiyo maana."

Tukang'oa marumaru, nikainua mbao mbili. Kavu kabisa, zinanukia mninga kama zimepasuliwa jana. Danstani akasema basi ni kosa la fundi wa mjini, kalaza marumaru kwa mchanga na saruji moja kwa moja juu ya mbao. Mbao inajikunja, saruji haijui kujikunja, wanaachana. Ni kweli, huwa wanaachana. Tukakaza mbao zote kwa skrubu, tukalaza plaiwudi ya kuzuia maji, tukaacha nafasi ndogo ukutani, tukabandika kwa gundi yenye kunyumbuka, tukipaka sakafuni kwa mwiko wa meno na mgongoni mwa kila marumaru pia. Danstani alipanga misalaba midogo ya plastiki ya kutenganisha marumaru kwenye pembe huku mama akimwambia hajaona Mwanglikana mwenye misalaba mingi kiasi kile. Kazi ilitoka safi. Niligonga sakafu yote, ikajibu kama mlango uliofungwa. Ilikuwa kiangazi, mikorosho imechanua, na nilishuka Masasi nikiimba.

Mvua zilipokuja, ufa ukarudi. Ulipita palepale.

Habari zilitufikia Edina alipokuja likizo, mvua zimekwisha na kiangazi kimeanza. Tulipoitwa, mwenyewe alishaondoka, lakini alikuwa kwenye simu, na mama aliiweka mezani tusikie wote.

"Fundi, mimi sina ugomvi na mtu," alisema Edina. "Naomba mumwambie mama yangu ukweli. Ile nyumba imechoka. Mvua zijazo zikipasua tena, nakuja na gari, namchukua Dodoma. Kuna chumba, kuna bomba."

"Nani kakuambia nataka bomba?" mama akauliza.

"Mama, sitaki kupigiwa simu na watu wakiniambia umekutwa umelala bafuni."

Mama alikuwa akikunjua na kukunja ncha ya kitenge. Kisha akasema taratibu, si kwa simu bali kwetu, "Mkinitengenezea hii sakafu nitafia hapa. Mkishindwa nitafia kwenye chumba cha mtu." Edina akasema, "Mama, mimi ni mtu?" na simu ikakatika, sijui kwa mtandao au kwa kidole.

Hapo ndipo nilipovua viatu. Nilitembea nimefumba macho, na ukungu ulikuwa umeingia kupitia tundu la mfereji, umelala sakafuni, baridi kwenye vifundo. Unaweza kucheka, lakini nilihisi niko juu ya kitu kilicholala kinachopumua. Nikamwita mama.

"Ufa unaanza lini hasa?"

"Mvua zikikolea."

"Zikianza, au zikikolea?"

"Zikikolea. Nasikia tik, tik. Mvua za kwanza, kimya. Pipa likifika hapa," akajigusa chini ya matiti, "ndipo inaanza."

"Unajuaje limefika hapo? Unachungulia?"

Akaniangalia kwa huruma. Akaenda kwenye pipa, akaligonga kwa kifundo cha kidole, kutoka juu kushuka. Lilikuwa na maji kidogo tu chini. Ngo, ngo, ngo, likalia, kisha karibu na sakafu likasema du. "Hapa. Utotoni hii ilikuwa kazi yangu. Mvua ikinyesha, mama yangu yuko jikoni anapiga kelele, 'Yamefika wapi?' Nami nagonga, nampigia kelele, 'Magotini! Kiunoni!' Edina naye nilimpa kazi hiyo. Alikuwa anadanganya, anasema shingoni ili nimruhusu kuchezea maji."

Mimi na Danstani tulitazamana. Tulifanya kazi kiangazi, pipa likiwa tupu. Siku niliyozigonga, marumaru zetu hazikuwa zimekutana nalo likiwa limejaa.

"Basi dawa ni rahisi," akasema Danstani. "Pipa lishuke chini, likae nje."

"Haliendi."

"Mama, ni kwa faida yako."

"Nimesema haliendi."

Nilidhani ni ubishi wa uzee. Nikauliza kwa nini, na nikauliza tena alipojifanya hajasikia. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akatueleza kwamba zamani wanawake wa uwandani walikuwa wanashuka bondeni kutafuta maji na kupanda na mtungi kichwani, na mama yake alianguka kwenye mteremko ule, mguu ukaunga vibaya, akachechemea mpaka mwisho. Alipopona akajiandaa kushuka tena. Baba yake akamkuta mlangoni na mtungi. "Akamwambia, 'Wewe umeshuka vya kutosha. Sasa yashuke yenyewe.' Akalipandisha hili pipa huku juu, akaliunganishia mfereji wa paa, mpira ukaenda jikoni. Mama yangu alifungua ule mpira akalia. Mpaka leo sijabeba ndoo kupeleka jikoni kwangu. Mkilishusha chini, nani atabeba? Mimi, na miguu hii?"

Danstani akavua kofia. Hakulitaja tena la kulishusha.

Lakini mimi bado sikuridhika, na hili ndilo ninalotaka mlichukue. Hadithi inayokaa vizuri haijawa ushahidi. Labda ni pipa, labda ni unyevu wa masika unaovimbisha mbao, vyote vinakuja pamoja. Nilitaka kulijaza pipa kiangazi kilekile, mbao zikiwa kavu. Nilipomwambia mama, akasema maji ya kulijaza yamo kwenye kisima chake cha kuhifadhia, uani, na hayatapotea, yatahama tu. Ila nani atayapandisha?

Jirani yake, Mama Zuhura, alikuwa ukutani akisikiliza kama kawaida. Akaenda akarudi na wanawake wa jirani, ndoo kichwani, na ngazi ikajaa mstari wa mikono.

"Haya, leo tunayapandisha maji yakaone mandhari!" alisema Mama Zuhura.

"Fundi gani huyu anatengeneza sakafu kwa kutubebesha?" akauliza mwingine.

"Si fundi, ni msomi. Msomi akitaka kujua kama pilau ina chumvi anaandika barua kwanza."

"Kwanini," Danstani akaniita kutoka juu, "wanakusema!"

"Nawasikia!"

Nilikuwa jikoni, nimelala chali juu ya meza. Nilikuwa nimevuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, chini kabisa ya boriti inayobeba bafu, umeacha mwanga mwembamba kati yake na mti. Juu, ndoo zilimwagwa moja baada ya nyingine. Vumbi la zamani liliniangukia usoni. Maji yakaongea ndani ya pipa, sauti ikipanda kama mtu anayejaza kinywa kwa wimbo. Nilisikia kifundo cha mama kikigonga, na sauti yake, "Magotini." Mwanga ulikuwepo. "Kiunoni." Mwanga ukapungua. Nikafikicha macho, nikadhani ni vumbi. "Tumboni," akasema, na boriti ile nzee ikaukalia uzi, taratibu, bila kelele, kama mtu anayekaa kitandani asimwamshe mwenzake. Na juu, marumaru ikafanya tik.

Ndoo zikasimama ngazini.

"Imesema," akanong'ona Mama Zuhura.

Kumbe ile nyumba ilikuwa ikiinama kila masika na kunyooka kila kiangazi, tangu mama huyu akiwa mtoto, na hakuna aliyejua kwa sababu mbao zinajua kuinama. Walipozilaza marumaru, wakaipa kinywa. Marumaru hazikuleta ugonjwa, zilileta habari.

Kilichofuata ni kazi tu. Tuliifungia boriti ile pacha wake, mti mpya wa mvule, kwa bolti pande zote, na chini ya pipa tukasimamisha nguzo jikoni juu ya msingi wa zege, imepakwa lami miguuni. Mama alilalamika kuwa nguzo itamzuia kuona jiko, siku hiyohiyo akapigilia msumari na kutundika upawa wake. Halafu, sikilizeni hapa, tulibandika marumaru pipa likiwa limejaa pomoni. Marumaru zikaizoee sakafu ikiwa na mzigo wake. Kwenye mistari ya katikati tulishindilia grauti. Kandokando ya kuta na kuzunguka mpira wa maji hatukuweka grauti hata chembe, tuliweka silikoni inayonyumbuka, kwa sababu mbao na ukuta wa mawe hawaendi mwendo mmoja na huwezi kuwalazimisha. Usifute grauti kwa maji mengi ukitaka weupe, utaondoka na nguvu yake kwenye sponji. Futa kwa sponji iliyokamuliwa, subiri, futa tena.

Nililipia sakafu ile kwa ngozi. Saruji ya nguzo ilikuwa imeshanipasua vidole, na mama alikuwa akinipaka mafuta ya nazi jioni huku akinisema kama mwanafunzi mchafu. Tuliporudi Masasi nilikwenda kwa yule daktari. Ikawa kazi yangu ya mwisho.

Kwa hiyo mvua zilipokuja sikuwa fundi tena. Nilikuwa nyumbani Masasi, mikono kwenye soksi za pamba, nikitazama mawingu yakipanda kuelekea Newala. Mama Edina alinipigia. "Imeanza. Sijui kama nitakuwa na moyo wa kusikiliza peke yangu."

Nilifika asubuhi, mvua na ukungu haviachani, huwezi kusema kipi ni kipi. Nilivua viatu mlangoni. Bafuni mfereji ulikuwa ukimimina ndani ya pipa, na chumba kilikuwa kimejaa sauti ile ya duara, inayopanda. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, simu mkononi, Edina hewani.

"Mama, bado uko huko bafuni?"

"Nipo na Kwanini."

"Imepasuka?"

"Hatujui. Sikiliza." Akailaza simu sakafuni, juu ya marumaru, kioo kikiwa juu.

Nikapiga magoti. Mikono yangu haikuruhusiwa saruji, lakini hakuna daktari aliyenikataza mpini wa bisibisi. Niligonga palepale pa ufa, nikagonga kuuzunguka, nikagonga mpaka chini ya dirisha. Mlango uliofungwa. Mlango uliofungwa. Mvua ikaongezeka. Sote watatu tulikuwa tukisubiri ile tik, mama akiwa amebana midomo, nami nikijiambia kwamba kimya cha asubuhi moja si ushahidi, kwamba masika ni ndefu, kwamba nitarudi nigonge tena na tena. Nilirudi kweli. Lakini hayo ni ya baadaye.

Niliinama kuiangalia simu pale sakafuni. Nikadhani mtandao umekata. Kisha sauti ya Edina ikatoka, ndogo, si ile ya kusema kuhusu gari.

"Mama. Yamefika wapi?"

Mama Edina akainuka, akiegemea bega langu. Akaenda kwenye pipa, akaligonga kwa kifundo cha kidole kutoka juu, ngo, ngo, mpaka lilipobadilisha sauti. Akainama kidogo kuelekea simu.

"Shingoni," akasema. "Na mimi sidanganyi."